Komwe Zangu Tano

Mjukuu wangu ana mchezo wa kudondosha komwe kwenye kikombe cha bati, moja baada ya nyingine, huku akisikiliza zinavyolia. Mama yake humkemea kwa ajili ya kelele hizo, mimi humwombea aachwe. Sauti ile ya komwe ngumu ikigonga bati hunirudisha Gando, kijijini kwetu kisiwani, kwenye chumba cha mama yangu kilichojaa harufu ya udi na mafuta ya nazi, nikiwa mtoto wa miaka saba hivi, nimenuna kwelikweli kwa sababu bibi yangu kaninyang'anya komwe zangu.

Nawaambieni mapema, hazikuwa komwe za hivi hivi. Nilizichuma mwenyewe kwenye mikomwe ya pwani, miiba ikanichana mikono na miguu, kisha nikazisugua kwa kitambaa mpaka zile mbegu za kijivu zikawa zinang'aa. Kila mtoto wa mtaa wetu alizitaka kwa mchezo wa bao. Bibi alizipata bila jasho, kwa kunyoosha kiganja tu na kunikazia macho.

Zama zile, za mwishomwisho wa utawala wa Mwingereza, tuliishi na bibi mzaa baba, naye ndiye aliyekuwa na kauli nyumbani. Alikuwa mwembamba, mkali, mtu wa kwao hasa, na alipenda kutaja mababu zake waliozikwa Gando mpaka pumzi zimwishie. Upande wa pili wa ua wetu wa makuti aliishi Bi Sikudhani. Yeye na mumewe walitoka bara, mume akifanya kazi ya kupalilia mikarafuu. Bibi hakuwa na ugomvi nao. Alitoa salamu juu ya ua, akaitikiwa, yakaishia hapo. Kwake hao walikuwa watu wa kupita.

Kisha mume wa Bi Sikudhani akafa kwa homa, mkewe akiwa mja mzito. Mtoto alipozaliwa hakuishi hata wiki. Wanaume wa mtaa walimzika yule mchanga kama walivyomzika baba yake, kwa wema, lakini si kwa udugu. Siku ile nilimsikia Bi Sikudhani kupitia makuti ya ua, akilia na kusema jambo moja tu, akilirudia: "Mume wangu kashushwa na majirani, yeye mwanamume, haidhuru. Mimi nikifa huku nitashushwa na nani?"

Nilimwuliza mama maana yake. Aliniambia kwamba mwanamke akizikwa, wanaompokea kaburini huwa ni maharimu zake: mtoto wake wa kiume, kaka yake, au baba yake. Bi Sikudhani hakuwa na hata mmoja kisiwani. Majirani wangemzika tu, akasema mama, hakuna maiti anayeachwa, lakini ni uchungu kulala mchangani umepokewa na mikono ya watu baki. Bibi alikuwa karibu anachambua mchele. Niliona mkono wake umesita juu ya ungo.

Haukupita muda mrefu mama akajifungua mdogo wangu, Hamadi. Furaha haikufika mbali. Mama alishikwa na homa ya uzazi, akawa hajijui, na maziwa yakakataa kutoka. Hamadi alipewa maziwa ya mbuzi, akayatapika. Alipewa maji ya sukari kwa kitambaa, akayanyonya kidogo akalala, na tulipoona halii tena ndipo tulipoogopa. Bibi alizunguka chumbani mara mbili tatu, kisha akanigeukia.

"Kaniitie Bi Sikudhani. Nwambie bibi anakwita, tena nwambie nnamwomba."

Nilishangaa, maana sikuwahi kumsikia bibi akimwomba mtu. Nilikimbia nikagonga mlango. Bi Sikudhani alifungua, kanga yake imelowa kifuani, macho yamevimba. Nilimwamkia, nikasema nilichotumwa, na kwa kuwa nilikuwa na mdomo nikaongeza la kwangu: "Mtoto wetu anakufa." Hakuniuliza hata moja. Alinishika mkono, tukaondoka mlango ukiwa wazi.

Hamadi alipotiwa titini alihangaika kidogo, halafu akashika. Mpaka leo naisikia sauti yake ya kumeza. Bi Sikudhani alimwinamia, machozi yakimdondokea mtoto kwenye paji la uso, wala hakuyafuta. Mimi nililia pia, kwa furaha, na hapo ndipo bibi aliponinyooshea kiganja.

"Lete komwe zako. Tano."

Alimwita Bi Asha, jirani wa nyuma, aje akae naye mlangoni, kisha akaweka kikombe cha bati mbele yao. Hamadi aliposhiba na kuachia titi mwenyewe, bibi alidondosha komwe ya kwanza. Ti! "Bi Asha, umeona?" Bi Asha akajibu, "Nimeona." Bi Sikudhani alirudi tena jioni, na kesho yake asubuhi, na adhuhuri, na kila mara ilikuwa vile vile: mtoto akashiba, komwe ikalia, Bi Asha akaona. Nilimchukia bibi. Niliona huo ni uchoyo mtupu, mtu anampa uhai mtoto wetu naye anahesabiwa kila anaponyonyesha kama pishi za karafuu, ili zikifika kiasi aambiwe ahsante, nenda zako.

Na kweli, komwe ya tano ilipolia, bibi alisema, "Basi, yametimia."

Niliangua kilio, nikamshikilia Bi Sikudhani mguu asiondoke. Ajabu, naye alikuwa analia, lakini anacheka. Bibi alichukua kile kikombe, akamkabidhi, komwe zangu zote zimo ndani, wala hakuniuliza.

Bi Sikudhani hakwenda popote. Alimnyonyesha Hamadi hata baada ya mama kupata nafuu, wakawa wanapokezana. Ijumaa iliyofuata bibi alimwamuru baba aondoe makuti upande mmoja wa ua. Alidai ni kwa ajili ya kuku, wapate njia. Kuku wetu walikuwa na njia tangu zamani, lakini nani angethubutu kusema? Tokea hapo tulipika jiko moja. Bi Sikudhani alipika kisamvu kwa karanga, kama kwao, na bibi alilalamika kila siku kwamba chakula gani hicho, huku akiongeza.

Jambo moja lilinisumbua. Watu walisema Hamadi sasa ni mtoto wa Bi Sikudhani. Mimi je? Siku moja ananisuka, nilimwambia kwa uchungu, "Mimi sikunyonya kwako."

Alivuta nywele zangu taratibu. "Hukunyonya, mwanangu. Lakini wewe ndiye uliyenigongea mlango."

Siasa zilipoingia mtaani, watu waliacha kusalimiana, wengine wakasusiana hata harusi na maziko. Kijana mmoja wa ukoo wetu alikuja nyumbani, akamwuliza bibi kwa nini hamwambii huyu mtu wa bara arudi kwao. Bibi alikuwa anamenya muhogo, hakuinua uso.

"Hamadi!" aliita. Mdogo wangu akaja mbio, hana hata kikoi. "Nwonyeshe ntu huyu, mamako yuko wapi?"

Hamadi alionyesha jikoni, aliko mama. Halafu akafikiri, akaonyesha kwenye pengo la ua.

"Umeona?" bibi akasema. "Ntoto ana mama wawili. Sasa weye wataka ninwondoshe yupi?"

Kijana aliondoka. Bibi akaendelea na muhogo wake, akiwa amekata vipande vidogo mno, vya hasira.

Bi Sikudhani alifariki akiwa kikongwe, katika nyumba ile ile, bibi na wazazi wetu wakiwa wameshatangulia. Nilikuwa ndani na wanawake wenzangu tulipomaliza kumkafini. Jeneza lilipotaka kutoka nilimsikia shehe akiuliza uani, "Maharimu wake yupo? Nani atamshusha?"

Wengi walikuwa vijana wasiojua. Kisha nikasikia sauti ya mdogo wangu, mtu mzima mwenye mvi, imekauka kwa kilio: "Mimi. Ni mwanawe."

Hapo, nimekaa mkekani, ndipo nilipomwelewa bibi. Mtoto aliyenyonya na kushiba mara tano amekuwa mwana kwa sheria ya dini, hakuna wa kubisha, na bibi alitaka shahidi ili pasiwe na wa kubisha. Nilidhani alihesabu apate kumfukuza yule mama. Kumbe alikuwa anamzalia mtoto wa kumshusha kaburini. Nililia kwa ajili ya wote wawili.

Tulipokuwa tunakunja nguo zake nikakuta kanga kuukuu, pembe yake imefungwa fundo. Nililijua kwa mguso kabla sijalifungua. Hamadi aliporudi makaburini, magoti yake yamejaa udongo, nilimtilia komwe zile tano kiganjani. Akazitazama, akaniuliza ni za nani.

Nilitaka kusema ni zangu. Nikamwambia, "Za mama."