Turbo Kubwa, Kona Fupi

Siku ile ya turbo bado ninayo kichwani, mwanangu, na ninapokuona ukizunguka na picha za turbo kwenye simu, ukiuliza kila mtu ununue ipi, naona nikusimulie. Keti hapa kidogo. Acha hiyo simu, haitakimbia.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne, naishi mtaa huu huu wa Tena kwa mama, pamoja na mdogo wangu Wafula, huyu mjomba wako. Nilikuwa na gari kuukuu la drifti. Jumapili mchana, tukitoka kanisani, tulikuwa tukikutana kwenye uwanja wa kiwanda kilichofungwa, tunalaza magari kwenye kona mpaka matairi yatoe moshi. Msichana nilikuwa peke yangu. Eh, nilijiona!

Turbo yangu, kile kifaa cha kuisukumia injini hewa ipate nguvu, ikachoka, ikaanza kula oili. Basi nikaanza kuuliza, na heri nisingeuliza. Jamaa mmoja wa Buruburu akasema, "Siste, chukua kubwa, utapaa." Mwingine akaapa kwamba ndogo ndiyo huamka haraka. Wa tatu akanimwagia namba, milimita za nini sijui, presha ya nini sijui, mpaka nikasahau nilichomuuliza. Nilikuwa nasonga ugali huku nahesabu milimita. Mama akadhani nimepata mchumba.

Fundi wetu, Mzee Mutiso, hakuwa mtu wa maneno mengi. Aliketi kando yangu na kipande cha chaki, akaniambia niendeshe kama ninavyoendesha Jumapili. Kila nilipoingia kona, alitia alama kwenye kioo cha ile saa ya mizunguko ya injini, pale pale mshale ulipokuwa. Tuliporudi gereji, alama zote zilikuwa zimejazana katikati.

"Mguu wako unaishi hapa," akasema. "Turbo kubwa inaanza kupuliza mshale ukifika huku juu. Kwenye kona zako itakuwa imelala, halafu iamke wakati huitaki. Chukua ya wastani. Umeelewa, msichana wangu?"

Mwanangu, sikuelewa hata kidogo. Niliona chaki, basi. Lakini mafundi wengine walikuwa wamesimama pale wakinikodolea macho, na Wafula yuko nyuma yangu. Nikajibu kwa sauti, "Nimeelewa, mzee."

Kesho yake nikanunua kubwa. Usiniulize kwa nini, kwa maana nimejiuliza miaka yote hii na jibu silioni. Labda kwa sababu ilikuwa nzito mkononi. Labda kwa sababu muuzaji alinisifu. Nikaifungisha kwa fundi mwingine, maana Mzee Mutiso nilimwonea haya.

Jumapili Wafula akaingia kando yangu akicheka. Kwenye kona ya kwanza nikakanyaga mafuta, gari likazubaa. Nikakanyaga zaidi. Wapi! Nikafikiri turbo imekufa, nikaanza kulinyoosha gari, mguu ungali chini. Ndipo nguvu zote zikaja kwa mpigo mmoja. Tuligonga ukuta, upande aliokaa Wafula.

Mguu wa Wafula ulivunjika mahali pawili. Hospitalini nililia mpaka nikapata kwikwi, nikamwambia ukweli, kwamba yale ya Mzee Mutiso sikuyaelewa.

"Hata mimi, dada," akasema. "Nilitaka kumwambia arudie. Lakini wewe ulishasema umeelewa."

Mwanangu, hakunilaumu hata siku moja, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Sasa unajua kwa nini mjomba wako hushuka ngazi kwa upande.

Mimi sikukatazi turbo. Ningekukataza kwa mdomo gani? Lakini jua kwanza kona zako ni za namna gani na mshale wako unakaa wapi, ndipo uulize turbo ipi inafaa. Na fundi akikueleza na usielewe, sema hujaelewa. Sema mbele ya watu, wacheke mpaka wachoke. Akirudia na bado hujaelewa, sema tena. Sijui kwa nini neno hilo moja ni zito hivi, lakini liseme, kwa kuwa yule anayeketi kando yako ameliamini jibu lako.

Mungu akupe uso mkavu wa kuuliza, mwanangu, na kila kona utakayoingia, akutoe mzima, wewe na uliyembeba.