Jeneza la Moja Nukta Sifuri Nane

"Na hili dogo, Mama Randa, ni la nani?"

Jirani yake, muuza mkaa, aliuliza hivyo akiwa mlangoni mwa karakana, mtoto wake mgongoni, kidole kikielekea konani. Hakuwa na nia mbaya. Lakini Mama Randa, aliyekuwa akipiga ubao msasa, aliganda mkono. Jeneza lile halikuwa la mtu yeyote, na hapo ndipo penye shida.

Karakana aliachiwa na mumewe. Marehemu alimfundisha kupima kwa kamba: unamnyooshea maiti kamba, unafunga fundo, unarudi kukata mbao. Namba hazikuwamo. Akamfundisha na mwiko mmoja: jeneza likishawekwa mfuniko halivunjwi. "Linamngoja mwenyewe," alikuwa akisema, naye hakuwa mtu wa mzaha.

Zikaja simu, na mtu wa mochwari akachoka kungoja kamba. "Fundi, moja nukta nane," alisema siku hiyo. "Wanalichukua kesho asubuhi."

Mama Randa akavuta futi ya chuma: mita moja, na sentimita nane. Alipouona urefu ule, akaketi. Mtoto, ee Mungu. Alilipiga msasa mpaka ndani, lisije likamkwaruza, huku akiomba na machozi yakilowesha vumbi la mbao.

Asubuhi wakaja wenyewe, wanaume wazima. Mkubwa wao akalitazama jeneza, akamtazama fundi.

"Mama, baba yetu alikuwa akiinama kupita mlangoni. Humu tumkunje?"

Mazishi yakasogea hadi jioni, fundi apate kuunda jingine. Mtaa ulimwita Mama Nukta, ukacheka, ukachoka. Lile dogo likabaki konani.

Binti yake, aliyekuwa na cherehani chumba cha mbele, ndiye aliyemketisha chini. "Mama, mita ikate vipande kumi sawasawa. Namba ya kwanza baada ya nukta inahesabu hivyo vipande. Nukta nane ni vipande vinane, yaani sentimita themanini."

"Na nane yangu mimi?"

"Yako ni nukta sifuri nane. Sifuri imekaa kwenye nafasi ya vipande, nane ikasukumwa nyuma."

"Sifuri! Kitu bure kabisa, ndicho kilichonivua nguo mbele za watu?"

Wakacheka. Kicheko cha Mama Randa kikakatika njiani. Mjukuu wake alikuwa amesukuma mfuniko konani, akamlaza mwanasesere mle ndani.

"Bibi, shii, amelala," alinong'ona. "Na mimi nitaenea?"

Bibi alimnyakua kama anayemtoa motoni.

Tangu hapo alizitaka hesabu kama mwenye kiu atakavyo maji. Alimsimamisha mtoto kwenye mwimo wa mlango, akachora mstari kwa penseli ya fundi. Moja nukta sifuri tatu. Juu ya kipande cha ubao akapanga namba kama alivyofundishwa, nukta chini ya nukta, akatoa. Jibu: sifuri nukta sifuri tano. Sentimita tano tu, mtoto alifikie jeneza.

Kila alipompima, salio lilipungua. Sifuri nukta sifuri tatu. Sifuri nukta sifuri moja. Mchana wa jua mbao za konani zililia. Mbao hulia zikikauka, nani asiyejua hilo? Yeye amezeeka nazo. Hata hivyo alilifunika jeneza kwa turubai, na kila akirudi alilikuta turubai limeteleza chini.

Siku mstari ulipogonga moja nukta sifuri nane, alitoa akabaki na sifuri tupu. Wiki hiyohiyo mtoto alishikwa na kifua. Bibi hakugusa randa. Alikaa kando ya kitanda akiomba maneno yaleyale, "Mkuze, Mungu wangu, mkuze," na kila mtoto alipokohoa, aligeuza macho kuelekea karakana.

Mungu ni mwema, kifua kikaachia. Zikapita mvua, likaja jua, naye hakuthubutu kumpima. Binti akampima mwenyewe.

"Moja nukta moja, Mama."

Mama Randa alimvuta mtoto kwake. Moja? Si nane ni kubwa kuliko moja? "Mwanangu, mtoto amepungua?"

Binti alimsogezea kipande cha ubao. Akampa penseli.

Akaandika moja nukta moja. Akaitazama ile nafasi tupu mwishoni, akaijaza sifuri. Moja nukta moja sifuri. Chini yake moja nukta sifuri nane. Akatoa. Sifuri nukta sifuri mbili.

"Amelipita," alisema, akapiga magoti hapohapo kwenye takataka za randa, akashukuru kwa sauti.

"Kuna nini tena, jirani, mbona unawasumbua malaika mchana?" Muuza mkaa alikuwa mlangoni, akicheka. Mtoto wake sasa alikuwa akitembea. Alimponyoka mama yake, akaenda moja kwa moja konani, akaweka kiganja juu ya mfuniko, akatulia kama anayesikiliza.

Mama Randa hakuhitaji futi. Sifuri nukta nane, jicho lilimwambia, na hesabu ikajitoa yenyewe kichwani: sifuri nukta mbili nane, huyu naye alifikie. Alikuwa bado amepiga magoti.

Aliinuka, akatungua nyundo ya marehemu ukutani, akamwita bintiye.

"Nishikie upande huo, mwanangu, tulivunje."