Kiti cha Obdulia

Crisóforo Nicolás alikuwa mchuuzi wa vyungu, na mchuuzi wa vyungu ni mtu wa maneno. Mkewe Obdulia alifinyanga, yeye akauza. Miaka yote ya ndoa yao waliteremka pamoja kutoka kwetu Santa Rita, huku juu milimani Oaxaca, hadi masoko ya pwani, ndani ya pikapu iliyokohoa kila mlima: Crisóforo kwenye usukani, Obdulia dirishani, na katikati yao mbwa mweusi, Tizne, kichwa juu ya mapaja ya mama yake. Ukimgusa mbwa yule umemgusa Obdulia. Hawakujaliwa mtoto mwingine.

Siku ile, kwenye kona ya Piedra Larga, Obdulia alimwambia, "Punguza mwendo we mzee, vyungu havina mabawa." Mume akacheka, hakupunguza. Pikapu ikalala ubavu. Crisóforo akatoka na mchubuko kwenye paji la uso, mbwa akatoka akichechemea, Obdulia hakutoka. Loo! Mtu anaishije na jambo kama hilo? Yeye aliishi nalo, ila usiniulize aliishije.

Mwili tuliuzika kijijini. Lakini kwetu kuzika mwili ni nusu ya kazi. Aliyefia barabarani kivuli chake hubaki palepale alipoangukia, kimeduwaa, mpaka mtu wake aende akichukue na kukifikisha nyumbani kabla sala za siku ya tisa hazijaisha na msalaba wa chokaa uliochorwa sakafuni haujazolewa. Kisipofika, ndiyo basi tena, kitakaa njiani.

Mama Eulogia, mwongoza sala wetu, mwanamke asiyejua kumbembeleza mtu, alimweka Crisóforo kitako.

"Utakwenda peke yako, wewe ndiye uliyekuwa naye. Ukishamchukua, usiseme na mtu aliye hai mpaka mlangoni kwako. Kila mto na kila njia panda, simama umwite kwa jina. Wafu hawajui njia, Crisóforo."

"Barabara ile anaijua kunishinda, mama."

"Aliijua akiwa na macho! Na huko kufunga mdomo, wewe utaweza?"

"Nimefiwa, Mama Eulogia. Nitapiga domo na nani?"

"Haya. Tutaona."

Akaondoka alfajiri ya siku ya tisa, mlango wa upande wa Obdulia, ulioharibika ajalini, umefungwa kwa kamba. Tangu msiba, Tizne alikuwa amejitwalia dirisha. Njia nzima ya kushuka alikaa kwenye kiti cha marehemu, pua nje, na Crisóforo hakuwa na moyo wa kumwondoa.

Kwenye kona aliwasha mshumaa, akamwaga pombe ya mezkali kidogo, akafagia changarawe kwa tawi, akafunga udongo wa mahali pale ndani ya mtandio wa mkewe. "Obdulia, inuka mke wangu. Nimekuja kukuchukua. Twende nyumbani." Akafungua ile kamba, akaushikilia mlango wazi kwa muda, kama alivyozoea kumsubiri akusanye sketi zake, kisha akaufunga tena. Aliporudi kwenye usukani, Tizne alikuwa amesogea katikati, amelaza kichwa juu ya kiti kitupu. Haki ya Mungu, mzee wa watu alilia kama mtoto.

Wakaanza kupanda. Kila mto: "Obdulia, tunavuka, jishike." Kila njia panda: "Obdulia, huku, kushoto." Madereva wa nyuma walimpigia honi na kumtukana, yeye kimya. Alikwenda polepole mno. Sasa ndipo alipojua kwenda polepole, masikini.

Mbele kidogo kulikuwa na njia panda ya El Carrizal, ambako kila wiki walisimama kuuza. Mwanamke mnene mwenye aproni akatoka kibandani, akaingia barabarani, mkono juu.

"Mzee wa vyungu! Umepotelea wapi? Hicho kikaango huko nyuma cha nani?"

Kikichungulia chini ya turubai kilikuwapo kikaango kimoja tu cha udongo, cha kuchomea chapati za mahindi, kilichonusurika ajalini. Crisóforo alitaka kutikisa kichwa na kupita. Badala yake mdomo ukafunguka wenyewe.

"Hicho si cha kila mtu, mama. Kigonge usikie."

"Kigonge wewe. Mbona kina doa?"

"Doa la moto hilo! Ukiona kikaango kisicho na doa, jua hakijaiva."

"Mwongo mkubwa wee! Nipunguzie basi."

"Nikikupunguzia mke wangu atanichinja."

Wakacheka wote wawili. Akampa kikaango, akapokea pesa, akaondoa gari huku akipiga mluzi.

Katikati ya mlima uliofuata aligeuza shingo. Tizne alikuwa amerudi dirishani. Amekaa kwenye kile kiti, anatazama nyuma.

Akakanyaga breki. Alikuwa amesema na mtu aliye hai. Jina hakuliita. Na kile kikaango kilikuwa kazi ya mwisho ya mikono ya Obdulia.

Akageuza gari. Pale njia panda kibanda kilikuwa kimefungwa, mwanamke hayupo. Akafungua mlango, akaita. Akaomba radhi, akaita tena, mpaka sauti ikakauka. Tizne hakusogea. Jua lilipoelekea milimani ikabidi aondoke, kwa maana watu walikuwa wanasubiri.

Tukasali, tukazoa chokaa, tukaizika na ule udongo kaburini. Sote tulishukuru kwamba Obdulia amefika. Ukweli Crisóforo alimwambia Mama Eulogia peke yake. Mama Eulogia hakumkaripia. Alisema tu, "Basi yuko pale. Uwe unamsalimia."

Akawa anamsalimia. Miaka tisa alipanda na kushuka akiuza vyungu vya wafinyanzi wengine, na kila alipofika El Carrizal alizima gari, akafungua mlango wa upande ule, akamwita mkewe kwa jina. Watoto wa pale walimwona mwehu, wakamwigiza. Hakuwajibu hata siku moja.

Tizne alipokufa kwa uzee, tulimchimbia shimo nyuma ya nyumba, chini ya ukuta alipokuwa akilala. Crisóforo akakataa. Alimfunga ndani ya mtandio mwingine wa Obdulia, akamlaza kwenye kiti cha dirishani, akashuka naye peke yake hadi El Carrizal, akamzika kando ya njia panda.

"Obdulia," akasema, "nimekuletea mwanao."

Kisha akafunga mlango, akarudi nyumbani peke yake.