Maji ya Nainokanoka

Kidato cha pili tulikuwa na mwalimu mmoja wa sarufi ya Kiingereza na fizikia, kwa sababu walimu walikuwa haba. Alikuwa mkali, na ndiye aliyechagua nani aendelee na fizikia kidato cha tatu. Mimi fizikia niliitaka kwa kufa na kupona. Nilikuwa msichana pekee kutoka kwa wafugaji, na nilishachoka kuambiwa kwamba sisi tunajua ng'ombe tu.

Likizo ilipofika akatupa kazi mbili. Ya sarufi: sentensi kumi za hali ya kutendwa, na ziwe za mambo yaliyotokea kweli nyumbani. Ya fizikia: kupima maji yanachemka nyuzi ngapi. Vipimajoto vya kuazima vilikuwa vitatu. Kimoja kilibaki hapo hapo shuleni Karatu, kimoja kikaenda Oldeani, cha tatu nikapewa mimi wa Nainokanoka.

"Ukikiharibu," akaniambia, "fizikia uisahau."

Nikakitia kwenye soksi, soksi nikaiviringisha kwenye kanga, nikapanda lori la mahindi, mwisho nikaupanda mlima wetu kwa miguu. Baba alipokiona tu, macho yakamtoka. Alishamwona bwana mifugo kule joshoni akipima ng'ombe kwa kitu kama kile, na zizini tulikuwa na ndama aliyelala siku ya pili bila kunyonya.

"Baba, hiki ni cha kupimia maji!"

"Kwani ndama hana maji?"

Utabishana na nani? Akainua mkia, akakiingiza mwenyewe, mimi nikasoma. Arobaini na moja. Akasema ni homa ya ndigana, akaondoka kutafuta dawa. Nikakiosha mara tatu kwa sabuni, na bado nilikuwa namlaani ndama wa watu.

Kesho yake asubuhi mama akabandika maji. Baba naye akaja kukaa nasi motoni, jambo ambalo halikuwa kawaida yake, maana sasa kile chombo alikiona chake. Maji yakatokota. Namba ikapanda hadi tisini na moja, ikagoma. Nikaongeza kuni. Tisini na moja. Kitabu kilisema mia.

"Kimeharibika!" nikalia kweli kweli. "Ndama wako amekiharibu, baba."

Hakukasirika. Akaniambia nimwonyeshe ule mstari umeishia wapi, akautazama.

"Hakijaharibika. Maharage ya Karatu, mama yako anayapika hapa kutwa nzima na hayaivi. Maji ya huku moto wake ni mdogo."

Maneno ya mzee asiyesoma, nikajisemea moyoni. Mchana ule ule, kwa hasira, nikaandika sentensi zangu za sarufi: ndama alipimwa na baba, kipimajoto kilioshwa na mimi, tisini na moja ilionwa na watu watatu. Daftari la fizikia nililiacha mpaka siku ya mwisho ya likizo. Nikaandika mia kama kitabu kilivyosema, nikalifunga, wala sikukumbuka nilichoandika kwenye lile jingine.

Shule ilipofunguliwa mwalimu aliniita ofisini, madaftari yote mawili yako wazi mezani.

"Huku mia, huku tisini na moja. Haya ni maji gani?"

Loo, nilitamani ardhi ipasuke.

"Karatu wamepata tisini na tano. Wewe nilikupa kwa sababu ya mlima. Juu hewa ni nyepesi, maji huchemka mapema. Hiyo tisini na moja ndiyo niliyokuwa naitafuta." Akaandika tisa kwenye sarufi, sifuri kwenye fizikia. "Fizikia utaendelea nayo, kwa kuwa ulipima vizuri. Sifuri haitoki."

Likizo iliyofuata niliinamisha kichwa mbele ya baba, kama mtoto anavyomwamkia mzee kwetu, naye akaweka kiganja utosini. Yule ndama alishapona, alikuwa anachezacheza nyuma yake.

"Mwalimu alisemaje kuhusu maji yetu?"

Nikamweleza yote, na ile mia ya kitabu pia. Akakiondoa kiganja.

"Tulikuwa watatu pale motoni," akasema. "Ukamwamini mtu ambaye hakuwepo."