Ukuta Ambao Sikuuchora

Nilipopewa kazi ya kuchora kituo cha zimamoto cha Homa Bay, miaka michache baada ya Uhuru, nilivimba kichwa. Nilikuwa nimerudi kutoka Nairobi na cheti, rula ya chuma na maneno mengi kuhusu ujenzi wa kisasa. Hata kwetu Awendo walinichoka.

Kusema kweli, sehemu kubwa ya ramani ile bado naipenda. Dirisha la chumba cha kupumzikia lilitazama ziwa, ili upepo uwafikie watu waliotoka kwenye moshi. Bafu niliweka karibu na mlango wa nyuma, masizi yasiingie vitandani. Nilihesabu hatua kutoka kitandani hadi kwenye gari, nikazipunguza mpaka zikabaki tisa.

Dereva, mzee mmoja mpole ambaye ndiye pekee aliyejua kuliendesha gari lile, alikuja kutazama kuta zilipokuwa zimefika kiunoni. Kisha akaniita kando.

"Nyathina, mtoto wangu, hapa tutalala sisi wote?"

"Wote, mzee. Karibu na gari."

"Yule kijana anashika mpira ya maji ameoa binti yangu. Wewe ni mtoto wa hapa, unajua siwezi lala chumba moja na yeye. Weka tu ukuta kidogo na mlango ingine."

Nilijua. Nani kwetu asiyejua kwamba mtu na mkwe wake hawalali chumba kimoja? Lakini niliona aibu kupeleka mambo ya nyumbani kwa wakubwa ambao walikuwa wamekwisha kugonga muhuri. Nikamjibu kwa ujuaji wa ujana: "Mzee, hii ni kituo ya kisasa. Kazini hakuna mkwe."

Hakubishana. Kituo kilipofunguliwa alimwachia mkwe wake chumba, na kila saa ya mapumziko akaenda kujinyoosha kwa dada yake, upande wa pili wa soko.

Alasiri moja, banda la mjane mmoja aliyekausha samaki lilishika moto. Kengele ikalia. Watu walikuwa garini kabla haijanyamaza, maana hatua zangu tisa zilifanya kazi barabara, kisha wakakaa humo wakimngoja dereva. Alifika mbio, anahema, viatu mkononi. Walipofika kwenye moto, banda lilikuwa limeanguka, na mjane alikuwa ameungua mikono yote miwili akivuta magunia yake ya omena.

Kwenye kikao cha wakubwa kuhusu moto ule, mzee aliulizwa kwa nini hakuwa kituoni. Mkwe wake alikuwa ameketi pale pale, na mambo kama hayo hayasemwi mbele ya mkwe. Mzee akatazama chini. "Nilikosea," akasema. Mimi nilikuwa benchi la nyuma, ramani imekunjwa magotini, nimefyata ulimi. Walimwachisha kazi siku hiyo hiyo. Nilikuwa mwoga, sina neno jingine.

Jioni niliitandaza ramani ile mezani, nikachukua penseli, nikachora ukuta mwembamba na mlango wa pili. Kitanda cha mzee kingekuwa hatua kumi na moja kutoka garini. Nilipomaliza, hata chai yangu ilikuwa haijapoa.