Nakala Iliyofichwa Ndani

Jumanne, katika mkahawa mmoja pale Adams Arcade, meza ya pili kutoka yangu, dada anayetayarisha programu za kuwekwa kwenye Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta, alikuwa akikagua kazi ya jamaa mmoja mwenye tai. Akamgeuzia kompyuta.

“Boss, hii programu ndogo ya kufungua picha si yako, ni ya watu wengine. Mbona umeibeba ndani ya yako? Linux iko nayo tayari.”

“Nimewarahisishia watu, wasihangaike kuitafuta.”

“Ya Linux ilizibwa tundu wiki jana, wezi wa mtandao walikuwa wanapitia hapo. Yako je?”

Jamaa akakuna shingo. “Si nitaiziba tu.”

“Nani mwingine anajua iko huku ndani?”

“Ni mimi tu,” akasema, akijigonga kifua. “Lakini Jumatatu naanza kazi kwingine.”

Dada akaifuta ile nakala, programu itumie ile ya Linux. Kisha akavuta kikombe chake cha chai.

Nilimcheka jamaa kimoyomoyo mpaka nikafika ofisini, mjini. Mezani pangu nimebandika namba za dharura, nilizonakili ili nisisumbuke kwenda kusoma orodha ya mapokezi. Ya kwanza ni ya askari wa lango tuliyemzika mwaka jana.