Biskuti za Pumba

Nilikuja Thika nikiwa na miaka ishirini na mmoja, kumfuata mume wangu aliyekuwa akifanya kazi katika kiwanda cha makopo. Kwetu ni upande wa magharibi, na huko mtu akitaka kumwona mama yake huinuka akaenda kumwona. Ndiyo maana nilichelewa kuelewa shida ya jirani yangu.

Jirani huyo alikuwa Mkikuyu wa rika langu. Tulikaa katika nyumba za wafanyakazi upande wa Kamenu, chumba chake na changu vikitenganishwa na bati moja tu, hata akikoroga uji niliweza kujua kama ni mzito au mwepesi. Mume wake alikuwa amechukuliwa na serikali mwaka uliotangulia akawekwa kizuizini, naye akabaki akifagia ukumbi wa mikutano wa mjini. Ilikuwa katikati ya miaka ya hamsini, siku za Hali ya Hatari, na Mkikuyu hakuweza kutoka mji mmoja kwenda mwingine bila karatasi yenye mhuri. Mama yake aliishi Ruiru, katika kimoja cha vile vijiji ambamo serikali iliwakusanya watu, karibu na mashamba ya kahawa. Ni maili kumi na kitu tu, lakini alikuwa hajamwona kwa mwaka mzima na zaidi. Mara tatu alikwenda ofisini kuomba ruhusa, na mara tatu karani alimwuliza sababu ya safari. Alipojibu, "Kumwona mama," karani alimwambia hiyo si sababu.

Siku moja mwezi wa Novemba aliingia kwangu na ufagio mkononi.

"Dada, unajua kuoka biskuti?"

"Sijui."

"Basi nimekuandikisha. Tunaanza Jumanne."

Akanieleza. Memsaab wa maendeleo alikuwa anaanzisha darasa la akina mama pale ukumbini. Wawili watakaooka vizuri kuliko wengine watapelekwa kwenye maonyesho ya Ruiru kabla ya Krismasi, na kila mmoja atapewa barua yenye mhuri.

"Kumwona mama si sababu," akasema, "lakini biskuti ni sababu. Nimemwuliza karani mwenyewe."

Jumanne tulikuwa wanawake kumi na watano. Memsaab alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye moyo mzuri, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha mashambani walichozungumza wazungu na wapishi wao.

"Krismasi hii," akatuambia, "mimi nataka watoto yenu kula biskuti mzuri. Biskuti ya afya. Sukari hapana. Samli hapana. Sukari naharibu meno. Samli naharibu roho."

Tukatazamana. La meno tulilielewa. Lakini mama mmoja mzee, mwimbaji wa kanisani, aliinua mkono akauliza kama pasta anajua kwamba samli inaharibu roho, kwa maana yeye amekula samli tangu utotoni na hakuna mtu aliyemwonya. Memsaab akajipiga kifua kuonyesha mahali roho ilipo. Yule mama akapiga kifua chake pia, kwa toba. Ilichukua muda kabla ya mtu kukumbuka neno moyo.

Kisha memsaab akafungua mfuko na kumwaga mezani kitu tulichokifahamu vizuri.

"Hii ndiyo dawa," akasema. "Hii nasafisha tumbo."

Zilikuwa pumba. Pumba za ngano, zile zinazobaki kinuni na kupelekewa kuku. Tulizishika, tukazinusa. Mwishowe mama mmoja wa kutoka Ngoingwa akasema kwa adabu kwamba huenda memsaab amechukua mfuko usio wake, na kwamba hata nyumbani kwake walishakosea hivyo. Memsaab akasema hakukosea. Akatusomea vipimo: pumba vikombe vinne, unga wa wimbi viwili, karoti moja iliyokunwa, ndizi mbivu moja, chumvi kidogo. Ile ndizi ndiyo ilikuwa sukari.

Mimi na jirani tulikwenda kinuni kutafuta pumba. Mwenye kinu akatuuliza, "Mna kuku wangapi?"

"Hatuna kuku," jirani akajibu.

"Basi pumba za nini?"

"Za Krismasi."

Akatupimia bila kuuliza tena, lakini nilimwona akitusindikiza kwa macho mpaka kona.

Tanuri letu lilikuwa debe. Tulililaza ubavu juu ya mafiga, tukatia makaa chini na mengine juu, na bati la kufunikia mbele. Biskuti za kwanza ziliungua upande mmoja, za pili zikaungua pande zote, za tatu zikatoka sawasawa, kahawia, za mviringo, kila moja sawa na mwenzake kwa sababu tulizikata kwa kopo alilolileta mume wangu kutoka kiwandani. Nilijivuna nazo sana. Jioni nikamwekea mume wangu moja kwenye kisahani. Akaitia ndani ya chai, akangoja, akaitoa, akaitazama, akairudisha. Akanywa chai yote mpaka chini, na biskuti ikabaki kikombeni kama ilivyoingia.

"Ni ya afya," nikamwambia.

"Naona," akasema. "Haijaugua hata kidogo."

Siku ya kuchagua, kila mama alileta sahani yake. Memsaab alionja moja baada ya nyingine huku amefumba macho. Wenzetu walikuwa wamefanya ambalo mtu yeyote mwenye akili angefanya: walitia sukari, wakatia samli, wakanyunyiza pumba juu ili zionekane. Biskuti zao zilikuwa tamu, nami nilizionja nikazitamani.

"Hii sukari," memsaab akasema, akasogea. "Hii sukari. Hii samli. Hii sukari na samli."

Akafika kwetu. Akauma. Akatafuna. Nje lori likapita, sauti yake ikapotea kuelekea mtoni, naye bado anatafuna. Machozi yakamlengalenga. Alipomeza alituwekea mikono mabegani, mmoja mimi, mmoja jirani.

"Hii," akasema, "hii kweli."

Ndivyo tulivyoshinda: hatukuoka vizuri kuliko wengine, ila sisi peke yetu ndio tuliotii. Nami nilitii kwa sababu jirani alinikataza kijiko hata kimoja cha sukari. Alihofia tukikamatwa na kosa lolote barua itapotea.

Jumamosi ya maonyesho memsaab alitangulia na gari lake, sisi tukapandishwa lori lililokuwa likirudi tupu kwenye kinu cha kahawa cha Ruiru. Tulikuwa na barua mbili zenye mihuri na debe lenye biskuti arobaini zilizofunikwa kitambaa cheupe. Jirani alivaa gauni lake la kanisani. Alishika barua yake kwa mikono miwili njia nzima, kama mtu aliyebeba maji.

Kabla ya Juja tukakuta kizuizi. Koplo mmoja mnene akasoma barua, akasoma kipande cha jirani, yaani kitambulisho chake, akatikisa kichwa kwamba ni sawa. Kisha akafunua kitambaa.

"Hiki ni chakula?"

"Ni biskuti, afande," nikasema.

"Kibali cha chakula kiko wapi?"

Hatukuwa nacho. Siku zile ilikatazwa kusafirisha chakula bila kibali, wasije wapiganaji wa msituni wakalishwa. Barua zilisema wanawake wawili, hazikusema biskuti. Koplo akatueleza kwa upole kabisa kwamba sisi tunaweza kupita, debe haliwezi.

"Na bila debe," jirani akauliza, "barua zetu zina kazi?"

Koplo akazisoma tena. Ziliandikwa kwamba tunakwenda kuonyesha biskuti. Bila biskuti hatukuwa na sababu. Akakuna shingo. Dereva akazima injini.

Mwishowe koplo akachukua biskuti moja, akaigeuza, akaigonga kwenye chuma cha lori. Akaitia mdomoni upande wa kushoto, akahamisha kulia, akaitoa, akaangalia alama za meno yake juu yake. Hazikuwa za kina.

"Hii imetengenezwa na nini?"

"Pumba, afande," jirani akasema.

"Pumba za kuku?"

"Hizo hizo."

"Basi hii si chakula."

Nilikuwa nimesimama mbele ya makaa siku tatu. Vidole vyangu viwili vilikuwa na malengelenge. Nikasikia mdomo wangu ukisema, "Ni chakula, afande. Tena ni cha afya."

Jirani akanikanyaga mguu kwa nguvu ambayo sikujua anayo. "Huyu ni mgeni, ametoka mbali," akamwambia koplo. "Si chakula, afande. Sisi wenyewe hatuli."

Koplo akaridhika. Ili askari wa vizuizi vya mbele wasitusumbue, alitoa kalamu akatuandikia karatasi, akaipiga mhuri: Vitu thelathini na tisa, vya mviringo, rangi ya udongo. Si chakula. Viruhusiwe kupita. Ile ya arobaini aliibakisha, akasema ni ushahidi. Lori lilipoondoka nilikataa kusema na jirani mpaka tukaona mibuni ya kwanza ya Ruiru.

Ukumbini Ruiru, karani wa mlangoni alipokea karatasi zote kwa utaratibu. Akasoma barua. Akasoma ya koplo. Akatutazama kwa huruma.

"Mama, meza ya vyakula siwezi kuwaweka. Imeandikwa hapa si chakula, na kuna mhuri."

"Lakini unaziona," nikasema.

"Naona. Lakini mimi naona tu. Huyu amepiga mhuri."

Akafikiri, kisha akatupeleka meza ya kazi za mikono. Biskuti zetu zikapangwa kwenye mkeka, kati ya vyondo, vile vikapu vya kusuka, na vyungu. Nitasema ukweli, zilipendeza. Juu ya meza ile zilionekana kama zilikusudiwa kukaa hapo.

Waamuzi wa kazi za mikono walikuwa wawili, chifu mmoja na mwalimu wa ufundi. Mwalimu akachukua biskuti, akaigonga kwa ukucha, akaiweka sikioni.

"Zimechomwa vizuri," akamwambia chifu. "Hazina ufa." Kisha akatugeukia. "Kazi yake ni nini?"

Jirani akajibu, "Ni ya Krismasi."

"Ya kupamba?"

"Ya Krismasi, mwalimu."

Akaandika.

Tulipata nafasi ya pili, nyuma ya kiondo kikubwa chenye mistari ya zambarau. Memsaab alikuwa ametutafuta meza ya vyakula, akatukuta pale tumepewa utepe wa kijani. Karani akamwonyesha karatasi. Aliisoma mara mbili na shingo ikawa nyekundu. Lakini majina yetu yaliposomwa alipiga makofi kuliko watu wote ukumbini, na kwa hilo namshukuru mpaka leo. Zawadi ilikuwa ratili mbili za sukari nyeupe. Aliponikabidhi mfuko aliniinamia akanong'ona, "Hapana kula."

Jirani hakusikia. Alikuwa tayari ameshamwendea chifu. Alimwambia kwamba mama yake yuko katika kijiji kile kilichoonekana kutoka mlangoni. Chifu, ambaye sasa alituhesabu mafundi, alituandikia ruhusa ya saa moja.

Mama yake tulimkuta amekaa nje ya kibanda akichambua maharagwe. Aliinua kichwa, akatutazama sisi wawili na debe letu. Kisha akasema, "Maitu," akanyoosha mikono bila kuinuka. Wakikuyu humwita hivyo mama, na pia binti, kwa sababu binti hubeba jina la bibi yake. Jirani akapiga magoti juu ya maharagwe. Mimi nikaenda kusimama upande wa kuni, nikazihesabu.

Baadaye waliniita. Tulimpa sukari, naye akaificha chini ya kitanda. Tukampa biskuti. Alikuwa na meno manne tu, nami nikaanza kumwomba radhi, lakini aliiweka shavuni kama tumbaku na kuendelea kuuliza habari: kama mkwe wake ameandika, kama chumba kinavuja, nani anamchotea binti yake maji akiugua. Kila mara aliihamisha shavu. Saa nzima ikaisha na biskuti bado ipo.

"Anasema ni nzuri," jirani akanitafsiria. "Anasema kitu kitamu kinakuacha upesi, lakini hiki kimekaa naye."

"Mwambie ni pumba."

Akamwambia. Yule mama akacheka mpaka ikabidi aitoe mdomoni, kisha akairudisha.

Tulimwachia zote. Alitusindikiza mpaka kwenye lango la kijiji, mahali ambapo askari aliweka fimbo yake chini kuonyesha mwisho. Pale akamshika binti yake mkono wa juu, akaufinya kuona unene wake, akasema kitu kwa sauti ya ukali. Kisha akanishika na mimi, akafinya vilevile.

"Anasema tumekonda sote wawili," jirani akasema. "Anauliza huko Thika tunakula nini."

Lori lilikuwa limejaa magunia safari hii. Tulikaa juu yake tukitazama nyuma. Tulipofika Juja jirani alikuwa amelala begani mwangu, barua bado mkononi, na sikumwamsha mpaka mjini.